Paneli Iliyolipa Jua Kisogo

Nyinyi vijana mnaouza sola Kariakoo siku hizi, mnaozipanga paneli kando ya barabara kama sinia za mandazi, na nyinyi mnaopanda mapaa ya watu huku simu iko mkononi, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Yasomeni mkiwa mmekaa. Mkiyasoma mkitembea mtagongwa na mkokoteni, halafu mtasema bibi ndiye kawaponza.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Mwandiko huu niliupata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na mjukuu wangu amenisahihishia nukta. Kwa hiyo msitafute humu hesabu za wati na volti, hizo mnazijua kuliko mimi. Nilichonacho mimi ni makosa. Nimeuza na kufunga sola kwenye nyumba za watu zaidi ya miaka ishirini, Kariakoo, Ilala, Buguruni mpaka huko mji ulikokwenda kuishia, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nafunga kitu nisichokielewa, kinawaka, nashukuru Mungu, nashuka.

Mnasema Dar ina jua la bure mwaka mzima. Ni kweli, lipo. Nani anabisha? Lakini kuwa na jua ni jambo moja, na kulipata ndani ya betri ni jambo lingine. Kati ya hayo mawili ndipo mtu anapoumbuka.

Niwape mfano mdogo. Kulikuwa na mama mmoja Ilala, mtu msafi sana, nyumba yake unaogopa kukanyaga. Nilimfungia paneli Jumatatu. Ijumaa akaja kizimbani kwangu sokoni, mikono kiunoni.

"Mama Zuhura, taa yako imekufa."

Nikaenda. Nikakagua betri, nikakagua waya, nikavuta kila kifundo. Vyote sawa. Nikapanda juu. Paneli nzima imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kimezungushiwa waridi jekundu pembeni, na kila kona kimewekewa jiwe kisipeperuke.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kitambaa."

"Cha nini?"

"Jua lisiipaushe. Kitu cha thamani vile unakiacha uchi juani?"

Nikamtazama, akanitazama. Redio yake ilikuwa na kitambaa, kochi lina kitambaa, mtungi una kitambaa. Kwa nini paneli isiwe nacho? Nilipomwambia paneli inakula jua, alikasirika kwelikweli. "Mbona hukusema siku ile? Nimefuma siku tatu!" Na haki ilikuwa yake. Sikusema. Nilidhani kila mtu anajua. Tangu hapo, kabla sijafungua hata skrubu moja, nilikuwa nasema: hiki hakifunikwi, hakianikiwi nguo, hakiwekewi ungo wa dagaa. Semeni na nyinyi. Msione haya.

Sasa mtauliza, mwanamke asiyesoma aliingiaje kwenye kazi hii. Niliingia kwa mlango wa vibatari. Mume wangu alipofariki nilikuwa nauza tambi za taa, vioo vya chemli na vibatari vya makopo, kizimba kidogo pembeni ya soko. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, hata tambi zenyewe nilikuwa napata leo, kesho sipati. Halafu serikali ikafungua milango. Ruksa. Kila mwenye pumzi akawa mfanyabiashara, na vitu vikaanza kumwagika Kariakoo, vingine hata aliyevileta hajui vya kazi gani. Nilimwona mtu akiuza mashine ya kukatia mayai kwa siku nzima akiita ni kitana.

Vioo vya chemli nilikuwa nachukua kwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili kutoka kwangu. Mtu mpole, mwembamba, amezaliwa palepale juu ya duka lake, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Wakati ule umeme ulikuwa wa mgao. Unawaka leo mtaa huu, kesho ule. Siku moja akaniita nyuma ya duka, amefungua sanduku.

"Mama Zuhura, njoo uone."

"Vioo vya dirisha?"

"Si vioo. Ni umeme."

Nikaweka kiganja. Kimya. Nikaweka viwili. "Umeme gani haumpigi mtu?"

Akabeba kimoja mpaka nje, akakiegemeza kwenye gari la matofali, akaunga na globu ndogo. Ikawaka, jua linawaka, saa tano asubuhi. Watu wakajaa. Mchuuzi mmoja wa mikanda akapaza sauti, "Kaficha betri kwenye koti huyo!" Bwana Kanji akanyanyua mikono juu, wakampekua mpaka soksi. Wakamkuta na leso na pipi mbili. Globu bado inawaka. Yule mchuuzi akachukua pipi moja, akaondoka.

"Kwa nini umeniita mimi?" nikamuuliza.

"Wateja wa giza unawajua wewe," akasema. "Mimi nawajua wateja wa umeme."

Ndiye aliyenifundisha. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwanza betri, paneli mwisho. Ukifunga waya, uvute kwa nguvu zako zote. Ukitoka mkononi mwako, bora utoke leo kuliko utoke ukiwa umeshashuka. Betri usiiweke chini sakafuni kwenye chumba cha kulala, iweke penye hewa. Maji ya kuongeza ni ya betri tu, si ya bomba, si ya kisima. Hayo yote niliyashika, kwa sababu yalikuwa ya mikono.

Ya kichwani ndiyo yaliyonishinda. Alikuwa na mita yenye sindano. Mwezi wa pili, jua la Dar mnalijua, lami inayeyuka, nikapima paneli saa saba mchana nikitegemea sindano itaruka itoke nje. Ikasimama chini kuliko asubuhi baada ya mvua. Nikarudi dukani.

"Mita yako imekufa."

"Mita ni nzima. Paneli ikipata joto sana inachoka."

"Sola inachoshwa na jua?"

"Inachoshwa na joto, Mama Zuhura. Inapenda mwanga."

"Mwanga na joto havitoki palepale?"

Akafikiri. "Vinatoka palepale."

"Sasa?"

Akaenda kuhudumia mteja mwingine. Mpaka leo hilo sijalielewa, ila nalifanyia kazi: usilaze paneli juu ya bati moja kwa moja. Acha nafasi ya vidole vinne upepo upite chini. Kutolielewa jambo hakukuzuii kulifanya sawasawa. Kilichoniponza mimi ni lingine, nililodhani nimelielewa.

Kila sanduku lilikuja na karatasi ya Kiingereza yenye picha ya nyumba na paneli juu yake. Bwana Kanji akanisomea: elekeza kusini, inua kama kwenye picha. Fremu za chuma zenyewe zilikuja zimeshaungwa, zimesimama kama paa la kanisa. Basi. Mimi karatasi nilikuwa naiogopa. Mtu aliyekwenda shule anaweza kubishana na karatasi. Mimi nilikuwa naona kila kilichochapwa kimeshahakikishwa na watu wanaovaa miwani. Nikawa nafunga kusini, nimesimamisha. Kwangu mimi kusini ilikuwa rahisi kuijua, kwa sababu kibla yetu hapa ni kaskazini. Nasimama kama nataka kusali, nageuka nyuma, hapohapo.

Ya kwangu tu ndiyo sikuifunga hivyo. Nyumbani kwetu, nyumba ya marehemu mume wangu palepale Kariakoo, nilikuwa na paneli moja yenye kona iliyokwaruzwa, haina fremu. Nikaweka mbao mbili juu ya bati, nikailaza chali, nikaifunga waya. Nikijisemea, hii ni ya kihuni, nitaitengeneza siku nikipata nafasi. Kila mteja akitaka kuiona nilikuwa nasema ngazi imevunjika.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo akaja Mama Chiku. Mtu wa Lindi, amepanga chumba Buguruni, mumewe alirudi kwao akaoa huko na huko akabaki. Alikuwa na cherehani. Ananunua nguo za mitumba Mchikichini zilizochanika, anafua, anashona, anarudisha sokoni. Macho yakaanza kumsumbua. Akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: siku za mgao, jioni, watu wa Buguruni wanazunguka wakitafuta pa kukaa penye mwanga. Akataka kuuza supu na chapati barazani, chini ya taa.

"Dada, nina cherehani tu," akaniambia. "Nikiiuza napata sola yako, sibaki na kitu kingine. Niambie kweli. Itawaka?"

Nikamwambia, nakumbuka maneno yenyewe, "Mama Chiku, hili ni jua la Dar. Taa ikikataa kuwaka, njoo unishike mimi."

Akaiuza cherehani.

Nikafunga kusini, kwenye fremu ya paa la kanisa, kwa uangalifu mkubwa kuliko wa kwangu mwenyewe. Na taa ikawaka. Baraza lake lilijaa tangu wiki ya kwanza. Watu wa gereji, wapiga debe, wapangaji wenzake, wote wanakunywa supu pale. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila nikipita napewa bakuli bila kuuliza. Nikajiona fundi.

Mwezi wa tano mwishoni akaja kizimbani.

"Dada, taa inanitia aibu. Magharibi inawaka kama inaumwa. Isha haijafika imezima. Jana mtu kamalizia supu gizani, akaondoka na bakuli langu."

"Unaiwasha mchana?"

"Niiwashe mchana nimulike nini?"

Nikaenda. Nikafuta vumbi la paneli. Wiki ile ile akarudi. Nikabadilisha waya wote. Akarudi. Nikaweka tyubu mpya. Akarudi, safari hii hakukaa, alisimama tu. Nami nilikuwa nimeishiwa. Kila nilichofundishwa nimeshakifanya. Nilikuwa nalala nikihesabu vifundo kichwani. Na mtu akiishiwa, wanangu, ndipo anapotafuta wa kumbebesha.

Nikaenda Buguruni asubuhi, wapangaji wote wako uani, nikasema kwa sauti, "Umempa nani waya?"

"Waya gani?"

"Betri haiishi hivi hivi. Kuna mtu unamuuzia umeme."

Mpangaji mmoja akacheka, "Mama Chiku auze umeme? Chumvi yenyewe anaazima kwangu."

Wote wakacheka. Mama Chiku hakucheka. Aliweka chini mwiko.

"Dada, cherehani yangu niliitoa kwa neno lako. Ulisema taa ikikataa nikushike wewe. Leo unanishika mimi? Naiba umeme wangu mwenyewe?" Halafu akasema polepole, "Wateja wameshahama. Jumamosi napanda basi la Lindi. Njoo uchukue makopo yako ya sola."

Nilirudi kwa Bwana Kanji nikitembea kama mtu aliyepotea mtaani kwake. Akatoa karatasi, akaisoma tena, kidole chini ya kila neno.

"Imeandikwa kusini. Uliweka kusini?"

"Kusini, kisogoni kwa kibla."

"Uliinua?"

"Niliinua."

"Basi ni sawa."

"Ikiwa ni sawa, mbona ya kwangu niliyoilaza chali inawaka mpaka tunachoka kuitazama?"

Akavua miwani. "Ya kwako imelala chali?" Akanigombeza kama mtoto. Muuzaji gani anafunga ovyo nyumbani kwake? "Nenda kaisimamishe kama karatasi inavyosema, kabla mteja hajaiona!"

Na ningetii. Nawaapia ningetii, ningekuwa na mbili zilizokufa. Ila siku ile ilikuwa Alhamisi, Mama Chiku anaondoka Jumamosi, nikaona nikimbilie Buguruni kwanza nishushe ile paneli, nimrudishie nitakachoweza.

Nilipanda juu na suruali ya marehemu mume wangu chini ya gauni. Wapangaji hawakuniacha. "Mama Sola, unatafuta mayai?" "Angalia bati letu, mama, mvua iko njiani!" Mama Chiku alikuwa chini, amefua kila alicho nacho kwa ajili ya safari, kamba yake ya nguo imekatiza palepale nilipoweka ngazi. Hatusemeshani. Mwisho ikabidi niseme.

"Mama Chiku, hamisha hizo nguo upande ule wa pili nipate kushuka."

"Upande ule hakuna jua."

"Hakuna jua namna gani, na Dar yote hii?"

Ndipo alipotoka kwenye hasira yake, nadhani kwa kuniona mjinga. "Mwezi wa kumi na mbili naanika huko. Mwezi huu jua limehamia huku, upande wa kibla. Miaka yote nimeanika mitumba kwenye uwanja huu, nisijue jua linakaa wapi?" Akakinga uso kwa mkono, akatazama juu. "Wewe unayeuza jua hujui? Na hicho kibao chako mbona kimelipa jua kisogo?"

Nikashika fremu. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Nikaelekea kibla hapohapo juu ya bati kama mtu anayetaka kusali, nikatafuta kivuli changu. Mbele hakuna. Nikageuza shingo. Kiko nyuma yangu, kimelala juu ya bati upande wa kusini, na paneli inakitazama hicho kivuli. Jua liko usoni mwangu. Nimesali adhuhuri maisha yangu yote, sijawahi kuuliza kivuli changu kinaangukia wapi. Nilisikia kizunguzungu nikakaa chini.

"Usife juu ya nyumba ya watu!" akasema mpangaji.

Nikafungua nati nne kwa spana, nikaigeuza paneli, nikaiegemeza juu ya goti langu, imeinuka kidogo tu, uso kibla. "Mama Chiku! Ingia ndani uitazame ile sindano kwenye kile kiboksi cha chaji karibu na betri. Inafanyaje?"

Sauti ikatoka ndani, "Imepanda!"

"Kiasi gani?"

"Imepanda, dada! Imeshtuka kama imechomwa sindano!"

Nikaifunga hivyo hivyo, halafu nikapeleka habari dukani nikihema. Bwana Kanji akaigeuza ile karatasi, akatafuta chini kabisa mahali palipoandikwa mji ilikochapwa. Mji wa Ulaya, huko juu.

"Mama Zuhura, kwao jua liko kusini mwaka mzima."

"Na letu?"

"Letu..." Akanyanyua mkono, akaupeleka huku, akaurudisha kule. "Letu linahama."

"Nani alikuwa anajua hilo?"

"Wewe niambie."

"Mfua nguo wa Buguruni."

Akanieleza, nami nikaelewa nusu: miezi ya katikati ya mwaka jua letu linapita upande wa kibla, mwisho wa mwaka linapita upande wa pili, na kati ya hapo linapita utosini. Kwa hiyo paneli iliyolala karibu chali, imeinuka kidogo tu ili maji na vumbi viteremke, uso upande wa kibla, hiyo inalipata kote. Ile iliyosimama kusini kama paa la kanisa inashiba mwisho wa mwaka na kufa njaa mwezi wa sita. "Uvivu wako umekuwa na akili kuliko sisi," akasema. Nusu nyingine, kwa nini jua la Ulaya halipandi utosini, alinichorea kwa chungwa na globu. Nikala chungwa. Sijaelewa mpaka leo.

Wateja wote wa fremu zile tuliwazungukia, mmoja mmoja, nikageuza. Wengine walinishukuru, wengine walinifukuza na maji ya vyombo. Na nyinyi, mkifika nyumbani kwa mteja, kabla hamjafungua simu zenu, muulizeni anayefua anaanika wapi mwezi huu na anaanika wapi mwezi wa kumi na mbili. Halafu muulizeni jirani kama ana mpango wa ghorofa. Siku hizi Kariakoo ghorofa moja linaweza kumeza jua la nyumba kumi, na hakuna pa kushtaki. Nimeuliza.

Lakini sijamaliza ya Mama Chiku. Mimi nilidhani yamekwisha. Ijumaa asubuhi nikaenda kwake nikitegemea bakuli. Nikamkuta anafunga mzigo kwa kamba.

"Taa imewaka?"

"Imewaka ikazima. Kama jana. Kama juzi."

Nikachukua kile kipimo cha maji ya betri nilichoazima dukani, nikavuta maji kutoka kila chumba cha betri. Kiboya cha ndani kilizama kila mara, hakikupanda hata kidogo: betri haina nguvu. Miezi miwili betri ile ilikuwa inakamuliwa kila jioni bila kushibishwa. Paneli sasa ilikuwa inaleta, betri haina pa kuweka. Nilikuwa nimeiua kwa mkono wangu, kwa kufuata karatasi.

"Mama Chiku," nikasema, "nisamehe. Kwa betri, na kwa yale maneno ya uani."

"Nimekusamehe, dada. Lakini msamaha hauwashi taa." Akavuta kamba, akafunga kifundo, akakivuta tena kuona kama kitatoka. "Basi ni kesho alfajiri."

Nikakimbia kwa Bwana Kanji. Betri hana. Mzigo uko baharini bado. Lini? Akanyanyua mabega. Nikazunguka maduka mengine ya mtaa ule, kuna za redio, kuna kuukuu za magari ambazo nisingempa hata adui. Saa sita ikanikuta mlangoni kwetu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Zuhura binti yangu, darasa la saba, mtihani unakuja. Shemeji yangu Hamisi, anayeishi na redio sikioni. Na mimi. Na kwenye kona ya ukumbi, juu ya kigoda, betri yetu, imeshiba kwa sababu paneli yake ilifungwa kivivu.

"Hamisi, leta spana."

"Ya nini, shemeji?"

"Betri inakwenda Buguruni."

"Buguruni! Na mpira wa leo?"

"Utausikiliza kwa jirani."

"Mama," Zuhura akasema, "nina mtihani. Nitasoma na nini?"

"Na chemli. Mimi nimekukuza kwa chemli."

"Mafuta yenyewe hamna."

"Kwani huyo Mama Chiku ni ndugu yetu?" Hamisi akaongezea. "Mbona Bwana Kanji asitoe ya kwake? Karatasi aliisoma yeye!"

Alilosema Hamisi lilikuwa kweli, na aliyosema Zuhura yalikuwa kweli. Lakini nilijua saa inakwenda na basi ni alfajiri. Basi nikawaamuru:

"Hamisi, fungua waya mweusi kwanza, halafu mwekundu, na uibebe wima usimwage maji yake. Iwe kwenye baraza la Mama Chiku kabla ya alasiri, na usiondoke pale mpaka umeiona taa inawaka na mzigo wake umefunguliwa. Na wewe Zuhura, toa daftari lako nje usome sasa hivi, jua lingalipo."